Mwaka Niliopima Vichwa vya Mbwa

Daftari lilifika hapa Tanga mwezi uliopita, limefungwa kwa nailoni na kuzungushiwa utepe wa gundi mpaka nikalazimika kulichana kwa kisu cha vitunguu. Kabla sijasoma lolote nilizitambua namba zangu. Saba zangu zina mkia, na nne zangu nimeziandika kama kiti kilichopinduka, tangu darasa la kwanza hadi leo. Ndani kulikuwa na barua ya Kiingereza kutoka kwa mwanamke ambaye zamani nilimjua kwa sauti tu, tena sauti ya kwenye simu ya mtu mwingine. Ni binti wa Bwana Han, niliyemfanyia kazi za ndani Muscat. Ameandika kwamba baba yake amefariki, kwamba alipokuwa akipanga vitu vyake alilikuta daftari hili, na kwamba nyuma ya jalada palikuwa na namba ya simu ya Muscat. Alipiga bila matumaini. Kumbe simu ile bado inalia katika ukumbi wa marehemu Bi Thuraya, jirani yetu wa wakati ule, na watoto wake ndio waliompa anwani yangu. Mwisho wa barua ameniuliza swali moja, na kwa ajili ya swali hilo ninaandika haya, maana kila nikikaa kumjibu mkono unakuwa mzito.

Habari za kwetu na kilichonipeleka Arabuni nitaziruka. Kila mwanamke aliyekwenda ana zake na zote zinafanana. Nitaanzia chumbani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nina miaka ishirini na mbili, na chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko katika nyumba ya kupanga kule Bustan, pembeni mwa Muscat, mlima mkavu nyuma yake na bahari usiyoiona mbele. Kilikuwa na kitanda cha chuma, kabati lisilofunga, na kiyoyozi cha dirishani kilichokohoa kila kilipotaka kuwaka. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vinne vya kulala na mtu mmoja wa kuvilalia. Bwana Han alikuwa mhandisi kutoka Korea, mtu wa hamsini na kitu, mrefu, mwenye mabega ya kuomba radhi. Jumamosi alfajiri aliondoka kwenda kwenye mradi wao huko ndani jangwani, na Jumatano alasiri alirudi, vumbi mpaka kwenye kope. Katikati ya siku hizo nilikuwa peke yangu na vitanda vilivyotandikwa. Nilivitandika upya kila asubuhi ingawa hakuna aliyevilalia, kwa sababu nisingefanya hivyo ningekaa tu.

Peke yangu na mbwa, niseme. Walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, dume na jike, rangi ya mkate uliookwa vizuri. Mfanyakazi mwenzake Bwana Han alikuwa na mbwa mama, na watoto hawa walipoachishwa kunyonya Bwana akawachukua. Si mbwa wa hivi hivi. Ni wa asili ya kisiwa alikozaliwa yeye, kusini mwa Korea, na kule watu huwaheshimu kama sisi tunavyoheshimu mnazi. Baba yake Bwana, mzee aliyefuga mbwa hao maisha yake yote, alitaka mmoja apelekwe kisiwani kuendeleza uzao. Mmoja tu. Naye hakutaka kuambiwa mzuri ni yupi, alitaka vipimo vya kichwa. Mbwa wa kwao, alisema, anajulikana kwa kichwa: ukikitazama kutoka juu kiwe pembetatu butu, mashavu yajae, masikio yasimame yakiinama kidogo mbele, na mdomo usichongoke kama wa mbweha. Kwa hiyo wapimwe mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kabla hawajala, mpaka watimize mwaka. Hata majina wasipewe kabla mzee hajachagua. Mimi niliwaita Kaka na Dada, kimoyomoyo kwanza, halafu kwa sauti, maana nyumba ilikuwa kimya mno.

Alhamisi Bwana alikuwepo, akipima mwenyewe na kuandika kwenye kurasa za nyuma za daftari, kwa maandishi ya kwao. Jumatatu ilikuwa yangu. Alinifundisha kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga na Kiarabu cha dukani. Kwanza, kutoka mfupa wa kisogo mpaka ncha ya pua. Pili, upana wa fuvu kati ya masikio. Tatu, kutoka kwenye kibonde kilicho kati ya macho mpaka puani. Nne, urefu wa sikio. Tano, na hiki ndicho alichokigonga kwa kidole mara mbili, unene wa mdomo pale unapoanzia mashavuni. Kifaa kilikuwa kalipa, kile chuma chenye taya mbili ambacho mafundi mashine hupimia. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mtoto.

Mimi ni mtoto wa madrasa. Nilifunzwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Wakubwa walituambia pia kwamba mbwa mkavu akigusana na mkono mkavu hakuna neno, lakini aliyesema hayo hakuwahi kukaa Muscat mwezi wa sita, ambapo mkono haukauki hata ukiupepea. Basi Jumatatu ya kwanza nilichukua kitambaa cha jikoni, nikakikunja mara mbili, nikakizungushia mdomo wa Kaka kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Kalipa nikaibana juu ya kitambaa. Nikamfanyia na Dada vivyo hivyo. Nikaandika namba zangu kwa mwandiko mzuri, nikaenda nyuma kwenye ndoo ya udongo niliyojiwekea kando ya mlango wa jiko, nikaosha mara saba. Wala haikunipitia akilini kwamba nimepima mbwa na kitambaa pamoja. Mtu unaweza kuwa na akili za kutosha kuvuka bahari na bado ukapima kitambaa wiki baada ya wiki!

Bwana aliporudi alitazama ukurasa wangu, akatazama kalipa, akatoa uzi mweupe uliokuwa umenasa katikati ya taya, akauviringisha kidoleni. Akasema asante.

Tulikuwa wapweke wawili katika nyumba moja, na kila mmoja akiona aibu kumwonyesha mwenzake. Ijumaa asubuhi aliketi sebuleni na kupiga simu kwao kwa spika. Nilikuwa nikiosha vyombo taratibu ili nisikie, ingawa sikuelewa neno. Mkewe alizungumza kidogo, kisha sauti nyembamba ya binti, kisha Bwana alirudia neno fulani fupi mara tatu, nne, akiwa amekwisha kukatiwa simu. Baadaye alipika mwenyewe. Alikuwa na chupa za kabeji aliyoichachusha kwa pilipili, harufu yake ikifungua pua hata barazani, na majani makavu ya baharini aliyofungia wali. Mimi nilikaanga samaki wa Sidab, kijiji cha wavuvi jirani, nikala na wali wangu jikoni. Yeye mezani, mimi kwenye stuli, mlango wazi. Nilisikia kijiko chake na yeye alisikia changu. Siku moja nilimaliza kabla yake, nikaendelea kugonga sahani tupu mpaka alipomaliza.

Jirani yetu alikuwa Bi Thuraya, Mwomani aliyezaliwa Unguja, mjane, mwenye nyumba kubwa iliyojaa mabinti na wajukuu. Kumsikia mtu akisema Kiswahili juu ya ukuta ilikuwa kama kupewa maji. Aliniita alasiri kunywa kahawa, lakini alinitandikia jamvi langu kando ya mlango, mbali na mazulia. "Njoo mwanangu, njoo. Lakini nguo hizo umebadili? Haya, keti hapo hapo. Miye nna udhu wangu, usinitie mashakani." Alisema bila ubaya, akinijazia kikombe. Na nilipotoka kwenda msalani niliwasikia yeye na binti yake mkubwa. "Maskini huyu, mikono inamchubuka kwa kuosha," binti alisema. Bi Thuraya akajibu: "Nnamwona. Mkorea wake akenda zake, nitamchukua miye. Ila mbwa habari yao ikome huko huko." Nilirudi nikaketi kwenye jamvi langu kama sikusikia. Nilifurahi kwamba kuna mahali pa kwenda, na papo hapo nikamfikiria Dada. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeshaanza kumfikiria.

Mwezi wa saba nilishikwa na homa. Ilikuwa Jumapili, Bwana yuko jangwani, na simu iko sebuleni, mbali kama Tanga. Nililala na mlango wazi ili hewa ya jikoni inifikie, kiyoyozi kikiwa kimekata roho asubuhi ile. Mbwa hawakuwahi kuruhusiwa chumbani kwangu, na Kaka hakujali, alilala zake kwenye vigae. Dada alikuja mpaka kizingitini akasimama. Hakuvuka. Alijilaza na kuweka kichwa chake juu ya kizingiti chenyewe, nusu ndani, nusu nje, kama mtu anayeisoma sheria vizuri kuliko aliyeiandika. Nililala nikiamka, na kila nilipoamka kichwa kilikuwa palepale, masikio yale yaliyokuwa yameanza kusimama yakinielekea. Alasiri nilijaribu kuinuka nikafika mlangoni kwa magoti, na mkono wangu ukashuka juu ya kichwa chake. Mkono umelowa jasho, kichwa kimelowa joto. Nilikihisi chote: mfupa wa kisogo, kibonde kati ya macho, mdomo. Nilikuwa nimekiandika kwa milimita wiki nyingi na sikuwa nimewahi kukigusa. Nililia pale chini kwa sauti. Sikuwa nimeguswa na kiumbe chochote tangu nilipopanda ndege.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwenye ndoo nikaosha mara saba. Sikuiacha dini yangu, nataka hilo lieleweke. Lakini kesho yake, Jumatatu, nilimpima Kaka na kitambaa kama kawaida, na ilipofika zamu ya Dada nilikiweka kitambaa mezani. Nikampima kwa mkono mtupu, akitulia kama anasukwa nywele. Namba ya tano ikawa ndogo kuliko ya wiki iliyopita, kwa milimita nne. Nilitazama kalipa, nikatazama kitambaa, na ndipo nikaelewa nilichokuwa nikifanya wiki zote zile.

Ningeweza kusema Jumatano ile ile. Ningesema, Bwana, nimekosea, toa kitambaa kwa wote wawili. Lakini nilikaa na lile daftari jikoni nikaona jambo lingine: kwa namba zangu, mdomo wa Dada sasa ni mwembamba na wa Kaka umejaa. Mzee kule kisiwani akizisoma atamchagua Kaka. Na asiyechaguliwa anabaki Muscat. Basi nikanyamaza, na wiki iliyofuata nikafanya vilevile, na iliyofuata pia, Kaka na kitambaa, Dada bila. Nilijiambia kwamba sijaandika uongo, kila namba nimeisoma kwenye chuma. Huo ndio uongo mtamu kuliko wote, na nililala nao vizuri.

Mara moja tu Bwana aliniuliza. Alisimama mlangoni mwa jiko na daftari mkononi, akaniita kwa jina. "Saumu, Kaka, Dada, unapima sawasawa?" Kufikia hapo hata yeye alikuwa akiwaita hivyo. Nikasema, "Sawasawa, Bwana." Aliitazama mikono yangu, ilivyochubuka kwa udongo na sabuni. Alisubiri kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kuongeza neno. Nikageukia vyombo. Akatikisa kichwa akaenda sebuleni, nikamsikia akifungua daftari.

Walipotimiza mwaka, faksi ilikuja kutoka kisiwani, ukurasa mmoja wa maandishi ya mzee. Bwana aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari. "Kaka anakwenda," aliniambia. "Dada anabaki." Nilikimbilia chumbani nikafunga mlango ili asione furaha yangu. Siku ya kumpeleka Kaka uwanja wa ndege Dada alizunguka uani akimtafuta, akinusa bakuli lake tupu, na furaha yangu ikaingia mchanga. Nilikuwa nimemnyang'anya kisiwa chake, ndugu yake, na watu wanaovua kofia kwa kichwa kama chake. Kwa nini? Ili mimi nisile peke yangu.

Wiki nane baadaye mkataba wa Bwana ulikwisha kabla ya wakati wake. Nyumba ilikuwa inachukuliwa na familia nyingine. Bi Thuraya alinijia ukutani siku hiyo hiyo. "Chumba chako tayari, mwanangu. Njoo na roho yako na nguo zako. Kingine chochote sikitaki, unanisikia?" Nilimwambia nimesikia.

Asubuhi ya mwisho Bwana Han alikuja jikoni na kamba ya Dada. Aliishika kwa mikono miwili, vilevile alivyonipa kalipa. "Dada wako," alisema. Nilijua anachosema. Na mimi, ambaye nilikuwa nimepindisha namba miezi mingi ili niisikie sentensi hiyo, niliona haya ikinipanda mpaka masikioni. Nilidhani nikimchukua nitakuwa nimekiri. Nilifikiria jamvi la Bi Thuraya, nikafikiria kutembea Muscat na begi moja na mbwa, bila pa kulala. "Simtaki, Bwana," nilisema. "Kwetu mbwa najisi." Dada alikuwa ameketi kati yetu akitazama mdomo wangu. Bwana alishusha kamba. "Sawa," alisema, na hakukasirika, afadhali angekasirika. Alimpeleka kwa mtu aliyekuwa na yadi ya magari kule Wattaya, awe mlinzi.

Kwa Bi Thuraya nilipewa zulia kama wengine. Nyumba ilijaa watu, chakula kiliwa sinia moja, mikono kumi, vicheko, na nilikuwa mpweke kuliko Bustan yote ya mwaka ule. Mwezi wangu wa pili hivi kwake, mwanawe alikwenda Wattaya kutazama gari, na Bi Thuraya akataka twende sote tukatembee. Tulipita kando ya yadi yenye waya. Nilisema tu, "Bi mkubwa, tahadhari na ngazi," na nyuma ya waya mnyororo ulilia. Alikuwa Dada, amekonda. Masikio yote mawili yalisimama wima. Hakubweka, alikuja mpaka mwisho wa mnyororo akajilaza na kuweka kichwa chini, nusu kwenye kivuli, nusu juani. "Huyo siye mbwa wenu?" Bi Thuraya aliuliza. "Hapana," nilisema, na mikono yangu nikaiingiza ndani ya abaya.

Nilivumilia siku sita. Ya saba niliomba ruhusa, nikapanda teksi, nimekata shauri kwamba nitamchukua na litakalokuwa liwe. Mlinzi wa yadi, mzee mmoja wa Kibalushi, aliusikia mwendo wangu akatoka nje kabla sijamwita. "Wewe ndiye mwanamke wa Kiswahili wa yule Mkorea?" aliuliza kwa Kiarabu. Nikasema ndimi. "Mbona umechelewa? Alituambia utakuja. Alisema mshikeni tu, atakuja kumchukua." Akanionyesha mnyororo, pete yake imefunguka. Siku ile ile niliyopita na Bi Thuraya, kabla ya magharibi, mbwa aliukata akaenda. Alielekea upande wa milimani, njia ya Bustan.

Nikaenda Bustan. Mpishi wa wapangaji wapya alinifungulia mlango wa nyuma. Alisema ndiyo, mbwa wa kahawia alikuja, akalala siku tatu hapa kando ya ndoo ya udongo, na kila mlango wa jiko ulipofunguliwa aliinua kichwa, akatazama aliyetoka, akakishusha. Walimwekea maji. Siku ya nne hakuwepo. Nilimtafuta mpaka Sidab, nikiita jina ambalo kila aliyelisikia alidhani namtafuta ndugu yangu.

Nilikaa Muscat miaka mingine minane na sikumwambia mtu. Sasa nimelifungua daftari. Mbele ni Jumatatu zangu, nyuma ni Alhamisi zake, na binti ametafsiri kila neno la kwao kwa penseli nyembamba. Kando ya Jumatatu ya kwanza kabisa Bwana ameandika, kwa herufi nilizoziona kila wiki bila kuzijua: kitambaa, toa milimita nne. Wiki zote ametoa nne, kwa wote wawili, bila kuniambia. Alijua tangu uzi ule. Kisha inafika Jumatatu baada ya homa yangu, na kwenye mstari wa Dada hakutoa kitu. Ameandika: leo amemshika kwa mkono mtupu. Na ile faksi imo bado, imegeuka rangi ya chai. Mzee wa kisiwani alikuwa ametumiwa namba za kweli, na alichagua. Niletee jike, ameandika, kichwa hicho nimekingoja miaka mingi. Chini yake, kwa mwandiko wa Bwana Han: nitampeleka dume. Jike ana mtu wake hapa.

Binti anaandika kwamba babu yake hakuzungumza na baba yake miaka miwili kwa sababu hiyo, na kwamba baba hakujuta, alisema mbwa yule anaishi Muscat na Saumu. Anataka kujua jambo moja tu, ili aliweke moyoni pamoja na mengine ya baba yake. Ulikwenda kumchukua?

Nina karatasi mbele yangu tangu Jumatatu. Nimeandika: Nilikwenda. Ni kweli, nilikwenda. Sentensi ya pili sijaiweza.